Niliziba kila tundu la banda, mbona baridi imewaunguza kuku wangu?

Ndugu Mshauri,

Nafuga kuku 14, yaani mitetea 12 na majogoo 2, mahali ambapo theluji ikishaanguka hukaa chini miezi minne. Msimu wa baridi uliopita ulikuwa wa kwanza kwao na kwangu pia, na ulinitia adabu. Nakuandikia sasa, wakati jua bado lina nguvu na nina kama miezi mitatu ya kufanya kazi, kwa sababu sitaki yale yajirudie.

Banda nililijenga kwa mbao. Lina upana wa mita 2 na urefu wa mita 2.4, na paa lake ni la mabati lenye mteremko mmoja, upande mmoja ukiwa na kimo cha mita 2 na mwingine mita 1.5. Fundi aliyenisaidia alisema adui wa kuku ni baridi, hivyo nizibe kila tundu, nami nikamtii kupita alivyotarajia. Nilijaza povu kwenye kila ufa, nikazungushia mlango ukanda wa mpira, na madirisha mawili nikayapigilia nailoni. Mabomba ya chuma yaliyokuwa yamesalia kwenye kazi nyingine niliyafanya fito za kulalia. Sakafu, ambayo ni ya mbao, naitandika mabua makavu kidogo na kuyafagia kila Jumamosi. Chombo cha maji nacho nilikiweka humo humo ndani ili kisigande.

Kiliganda. Asubuhi moja, nje kukiwa nyuzi 18 chini ya sifuri, nilifungua mlango nikapokewa na harufu iliyonitoa machozi. Nilipoinua macho niliona upande wa ndani wa mabati umejaa matone yaliyoganda kama shanga, na baadhi yake, yalipopigwa na jua la asubuhi kwa nje, yakaanza kuyeyuka na kunidondokea shingoni. Kipimajoto cha ndani kilisoma nyuzi 9 chini ya sifuri, kwa hiyo banda lilikuwa na joto kuliko nje, jambo lililonifariji kwa siku mbili. Siku ya tatu ncha za kilemba cha jogoo mkubwa zilikuwa za kijivu, na baada ya wiki zikawa nyeusi ti. Mtetea mmoja akaanza kuchechemea, vidole viwili vimemvimba. Mayai nayo yalipungua, kutoka tisa au kumi kwa siku hadi mawili.

Kinachonichanganya akili ni jirani yangu. Banda lake ni la mbao kuukuu, lina uwazi mrefu chini ya paa ambao mkono unapita, halina taa wala kihami joto cha aina yoyote, na kuku wake walimaliza msimu wakiwa na vilemba vyekundu. Mimi niliyejihangaisha ndiye niliyeuguza.

Mume wangu anataka tununue taa ya joto ya wati 250 na tuongeze kihami ukutani. Mimi nafikiria kubomoa na kuanza upya. Tafadhali nieleze tufuate lipi.

Mfugaji aliyeziba kila tundu

* * *

Dada Mfugaji,

Usibomoe, na taa msinunue. Banda lako linahitaji msumeno, wavu wa waya, mbao chache na maranda mengi, na kazi yote mnaweza kuimaliza kwa siku nne au tano za mapumziko. Ila kabla ya kushika msumeno ni lazima ukubali jambo moja ambalo jirani yako analijua, pengine bila kulijua: kuku wako hawakuunguzwa na baridi peke yake, waliunguzwa na maji.

Kuku aliyekomaa ana joto la mwili la nyuzi 41 hivi, na chini ya manyoya yake ya juu kuna manyoya malaini yanayoshika hewa na kuituliza. Hewa iliyotulia ndiyo blanketi lake, na ndiyo maana usiku wa baridi humkuta amejitutumua hadi amekuwa duara. Kuku mkubwa, mwenye afya, aliye mkavu na asiyefikiwa na upepo, huvumilia nyuzi 20 chini ya sifuri bila moto wowote. Sehemu zisizo na manyoya ndizo zenye shida, yaani kilemba, ndevu zile nyekundu zinazoning'inia chini ya mdomo, na vidole. Wakati wa baridi damu inayofika huko hupungua, na ngozi yake ikiwa na unyevunyevu hupoa upesi sana hadi nyama yenyewe ikaganda. Katika banda kavu kilemba hicho hicho kingeweza kupita salama katika baridi kali kuliko ile uliyoipima.

Sasa tupige hesabu ya maji yaliyomo bandani mwako. Mtetea mmoja hunywa takriban robo lita kwa siku, kwa hiyo kuku 14 hunywa kama lita tatu na nusu. Yai moja halibebi hata mililita 50 za maji, hivyo hata siku ya mayai kumi ni nusu lita tu inayoondoka kwa njia hiyo. Nyingine yote hutoka kwa pumzi na kwa kinyesi, ambacho robo tatu ya uzito wake ni maji, na kwa kuwa usiku wa msimu huo ni mrefu na kuku hukaa kwenye fito saa 14 au zaidi, sehemu kubwa ya maji hayo humwagwa ndani. Upande wa pili wa hesabu ni hewa. Hewa yenye joto la nyuzi 20 huweza kubeba gramu 17 za mvuke katika kila mita ya ujazo, lakini ikiwa kwenye nyuzi sifuri hubeba gramu 5 tu, na ikiwa nyuzi 10 chini ya sifuri haifikishi gramu 3. Banda lako lina mita za ujazo nane na kidogo. Maana yake ni kwamba asubuhi ile uliyolia machozi, hewa yote iliyokuwamo isingeweza kubeba zaidi ya vijiko vinne vya chai vya maji, ilhali kuku wako walikuwa wameingiza maji ya kupimwa kwa lita. Yaliyozidi yalitafuta mahali pa baridi kuliko pote yakatua hapo. Mabati yalipokea sehemu yake ukaiona, na kilemba cha jogoo kikapokea yake usiione.

Harufu nayo ni tawi la mti huo huo. Amonia hutengenezwa na vijidudu vinavyomeng'enya kinyesi, na vijidudu hivyo haviwezi kufanya kazi bila unyevu. Ikifika kiwango cha kumwasha binadamu macho akiwa amesimama mlangoni, kuku aliyelala nayo usiku kucha ameshaharibiwa njia ya pumzi. Kuanzia sasa usiipime harufu ukiwa umesimama. Ingia, funga mlango, chuchumaa hadi pua yako iwe sawa na vichwa vya kuku, uvute pumzi mara mbili tatu. Utashangaa.

Fundi wako alichanganya mambo mawili ambayo watu wengi huyachanganya, nami nilikuwa mmoja wao: upepo unaompiga kuku, na hewa inayobadilishwa juu ya kichwa chake. La kwanza hupeperusha ile hewa iliyotulia ndani ya manyoya na kumwacha kama aliyevuliwa nguo. La pili huondoa mvuke bila yeye kuhisi kitu. Mwanzoni mwa karne ya 20 wako wafugaji wa kaskazini-mashariki mwa Marekani, ambako baridi si ya mchezo, waliojenga mabanda ambayo upande wa mbele, ulioelekea kusini, uliachwa wazi na kuwekwa wavu mtupu. Mabanda hayo yalikuwa marefu kwenda ndani na yamefungwa barabara pande tatu, fito zikiwa nyuma kabisa, kwa hiyo upepo haukuweza kupenya hadi huko, lakini hewa nzito ilipata njia ya kutoka. Sikushauri ufike huko. Nakutajia tu ili ule uwazi wa jirani yako usionekane kuwa uzembe.

Kazi ya kwanza, basi, ni kukata. Bahati nzuri paa lako lina mteremko mmoja, na umbo hilo linasaidia, kwa sababu hewa yenye joto na mvuke hupanda kufuata mteremko hadi upande wa juu na kutaka kutoka hapo, huku hewa kavu ya nje ikiingia upande wa chini. Chini ya upenu, katika kuta zote mbili zenye urefu wa mita 2.4, toa ubao wa juu kabisa na uache mwanya wa sentimita 6 unaokwenda kutoka kona hadi kona. Mianya hiyo miwili kwa pamoja itakupa karibu theluthi moja ya mita ya mraba, na hicho ndicho kiasi ambacho ningekichukulia kama cha chini kwa kuku 14 katika baridi kali. Kanuni ambayo wafugaji wengi huifuata ni kama mita ya mraba 0.09 ya uwazi kwa kila kuku, madirisha na vyote vikihesabiwa, yaani mita moja na robo kwa banda lako. Sehemu kubwa ya uwazi huo utaitumia wakati wa joto tu, kwa hiyo zile nailoni zibandue, na madirisha uyatilie bawaba ili yafunguke.

Mwanya wenyewe uupige wavu wa waya mgumu wenye matundu ya milimita 13, si ule wavu mwepesi wa kuzungushia ua. Wanyama wa jamii ya kicheche hupenya mahali ambapo ungeapa kwamba panya mwenyewe hapiti, na katika msimu wa njaa hujaribu kila kona. Upande wa chini wa paa ongeza ubao mwembamba kwa ndani, ulioinama kuelekea juu, ili hewa inayoingia ielekezwe darini badala ya kuanguka migongoni mwa kuku. Upenu nao utokeze angalau sentimita 20 nje ya ukuta, kwani theluji inayopeperushwa ni laini kama unga na huingia popote. Siku ya dhoruba unaweza kupigilia kitambaa cha gunia kwenye mwanya wa upande unaopigwa na upepo. Kinazuia theluji na bado kinapumua. Mwanya wa upande mwingine hauguswi. Hakuna usiku wowote, hata ule wa baridi kuliko yote, ambao mianya yote miwili inazibwa.

Utajuaje kama ulichotengeneza ni mzunguko wa hewa na si upepo? Chukua uzi, funga nyoya moja laini la tumboni, ulining'inize usawa wa migongo ya kuku wanapokuwa wamelala, kisha uketi kwenye ndoo dakika tano siku yenye upepo. Nyoya likicheza kidogo na kutulia, uko salama. Likilala upande mmoja na kubaki hivyo, kuna ufa chini unaopaswa kuzibwa, na hapo ndipo povu lako lina kazi halali. Kwa hakika sehemu kubwa ya ulichoziba ibaki imezibwa. Kuta kuanzia sakafuni hadi mita moja na kitu zisipitishe hata pumzi ya panya. Juu ya hapo ndipo pawe wazi.

Kuhusu kihami, mume wako ana hoja, ila amekosea mahali. Kinachotakiwa kuhamiwa kwanza ni paa. Bati tupu usiku wa baridi hupoteza joto kwa anga na kuwa baridi kuliko hewa iliyo chini yake, na mvuke ukiligusa hufanya kile unachokiona kwenye glasi ya maji baridi. Pigilia vibao vya povu gumu chini ya mabati, kisha funika kwa plaiwudi, ukihakikisha kwamba dari hiyo haifuniki mianya uliyoikata. Usiache povu likiwa wazi hata kwa siku moja, kwa sababu kuku hulidonoa na kulimeza kwa furaha isiyoelezeka, na panya hulifanya nyumba. Kuta za mbao zisizopitisha upepo zinatosha kwa banda la ukubwa huo. Mkitaka kuzihami mwaka ujao, sawa; hazitabadilisha mengi.

Mabomba ya chuma yatoke leo hii, usisubiri miezi mitatu. Chuma hunyonya joto la nyayo usiku kucha, na bomba la mviringo humlazimisha kuku kukunja vidole kulizunguka, hivyo ncha za vidole hubaki nje ya manyoya ya tumbo. Nadhani hapo ndipo mtetea wako alipoumia. Weka ubao wenye upana wa sentimita 9, sehemu bapa ikitazama juu na kingo zake zikiwa zimelainishwa kwa randa. Kuku huchuchumaa juu yake, nyayo zikiwa zimekaa bapa, kisha hushusha manyoya ya kifuani na tumboni kama pazia hadi vidole vikapotea kabisa. Nenda na tochi usiku ukaangalie: ukiona vidole, ubao ni mwembamba. Kila kuku anahitaji sentimita 25 hadi 30, kwa hiyo mbao mbili zinazokwenda urefu wote wa banda zitawatosha 14 na bado watapata nafasi ya kugombania, maana watagombania tu. Ziweke kimo kimoja, kama sentimita 50 kutoka sakafuni, zikiachana sentimita 40 na ile ya nyuma ikiwa mbali na ukuta kwa sentimita 30. Masanduku ya kutagia yawe chini kuliko hapo, la sivyo watalala ndani yake na kuyachafua.

Chini ya fito weka ubao mpana wa kupokea kinyesi, ulioinuliwa kutoka sakafuni. Zaidi ya nusu ya kinyesi cha siku hudondoka usiku, na asubuhi ya baridi kitakuwa kimeganda kikawa kigumu kama kokoto, kinachoondoka kwa mkwaruzo mmoja wa mwiko wa fundi ujenzi na kuingia kwenye ndoo. Dakika tatu kila asubuhi zitaondoa bandani maji mengi kuliko kazi yako yote ya Jumamosi.

Na hiyo kazi ya Jumamosi uiache. Mabua machache yanayofagiwa kila wiki hayawezi kunyonya chochote. Mabua yana mashimo ndani, yakilowa hulala bapa yakashikana na kuvu likaota. Tumia maranda ya mbao, yale mapana yanayotoka kwenye randa, si unga wa msumeno ambao ni vumbi tupu. Anza na tabaka la sentimita 15 kabla theluji haijaanguka, uongeze kidogo kidogo kadiri msimu unavyosonga hadi lifike 25 au 30. Usilitoe. Kinyesi kinachoangukia humo huchanganyika na maranda na kuanza kuoza taratibu, na kuoza huko hutoa joto kidogo kutoka chini. Kazi yako ni kulifukua ili hewa ipite, na kazi hiyo unaweza kuwaachia kuku wenyewe kwa kuwatupia konzi ya nafaka humo kila alasiri. Ukitaka kujua hali yake, shika konzi moja na kuifinya. Likibaki donge mkononi, lina maji mengi, ongeza maranda makavu na uangalie mianya. Likisambaratika bila kutimua vumbi, liache. Kwa kina hicho itakubidi uinue kizingiti cha kilango cha kuku hadi sentimita 30 kutoka sakafuni, la sivyo kila atokaye atakokota maranda hadi nje. Kizingiti hicho kitazuia theluji pia.

Sasa taa. Mtaalamu mwingine angekwambia ni hiari. Mimi sitasema hivyo. Mwaka wangu wa pili wa kufuga katika baridi nilitundika taa kama hiyo kwa mnyororo, na kwa kuwa sikuiamini niliongeza waya wa pili. Asubuhi moja nilikuta mnyororo umefunguka, labda jogoo aliurukia, na taa inaning'inia kwa ule waya wa pili, kiasi cha kiganja kutoka chini. Maranda yaliyokuwa chini yake yalikuwa yamegeuka rangi ya kahawa katika duara lenye ukubwa wa sahani. Niliizima nikakaa chini kwenye theluji. Ndani ya banda kuna vumbi la manyoya kila mahali, matandazo makavu sakafuni, na viumbe wenye mabawa wanaoshtuka ovyo. Hapo si mahali pa balbu inayounguza. Hata moto usipotokea, kuna hatari nyingine isiyosemwa sana. Kuku huanza kujiandaa mapema, akipukutisha manyoya ya zamani na kuota mapya mazito, na mwili wake huizoea baridi inapoongezeka siku hadi siku. Anayelala chini ya taa haizoei. Umeme ukikatika usiku wa dhoruba, na dhoruba ndiyo inayoukata, atashushwa kwa nyuzi nyingi ndani ya saa chache bila maandalizi. Isitoshe, kuku mmoja hutoa joto la karibu wati 10, kwa hiyo 14 ni hita ya wati 140 inayotembea. Ukiwa na mgonjwa au kifaranga, mtafutie kona ndani ya nyumba, au tumia kile kibao bapa cha joto kisichokuwa na balbu.

Umeme wenu utumieni kwenye maji. Chombo kitoke nje ya chumba cha kulala, kikae uani chini ya paa, juu ya kitako chenye hita ndogo na themostati inayowaka maji yanapokaribia kuganda. Kama waya haufiki huko, tumia mabeseni mawili ya mpira mweusi. Moja likiganda unaligeuza, unalikanyaga, barafu inatoka nzima, na la pili linachukua nafasi yake likiwa na maji vuguvugu. Mara mbili kwa siku inatosha, mara tatu ni bora. Kuku hawahitaji maji usiku, kwa kuwa gizani hawanywi wala hawali. Chombo chako cha msimu uliopita kilikuwa kinaongeza mvuke tu, na kwa kuwa kiliganda, yaelekea kuku walikaa na kiu mchana, na kuku mwenye kiu hupunguza kula.

Hilo huenda lilichangia mayai kupungua, lakini sababu kubwa ni mwanga. Mtetea anahitaji saa 14 hadi 16 za mwanga ili aendelee kutaga vizuri, na katika msimu huo mwanga wa kiasi hicho haupo. Mkipenda, balbu ndogo ya kawaida yenye saa ya kuiwasha yenyewe alfajiri itafidia pengo. Iwake alfajiri na si jioni, maana ikizimika ghafla usiku itawaacha kuku sakafuni gizani wasijue fito ziko wapi. Mimi huwaacha wapumzike.

Uani sina mengi. Ukuta wa nailoni ngumu inayopitisha mwanga upande unaopigwa na upepo, paa juu, na kuku watatoka karibu kila siku; bila hivyo wataitazama theluji kutoka mlangoni na kurudi ndani, na mita zako 4.8 za mraba kwa kuku 14 ni chache kidogo kuliko kiasi kinachopendekezwa cha mita ya mraba 0.37 kwa kila mmoja. Usiongeze kuku mwaka huu. Madirisha, mkipata nafasi ya kuyahamisha, yatazame upande wa jua, ambao ni kusini kwa walio kaskazini mwa ikweta.

Siku utakapobadilisha kundi, tazama vilemba kabla ya kutazama rangi. Kilemba kirefu chenye meno, kama cha kuku wa aina ya Leghorn, ndicho cha kwanza kuungua hata katika banda zuri. Wyandotte wana kilemba kilicholala, Brahma na Buckeye wana kidogo cha matuta. Chantecler ndiye niliyempenda kuliko wote: alizalishwa mwanzoni mwa karne ya 20 na mtawa Wilfrid Châtelain katika nyumba ya watawa ya Oka, Quebec, nchini Kanada, kwa nia hasa ya kupata kuku wa baridi, na kilemba chake ni kama kifungo cha shati, ndevu zake huonekana kwa shida.

Nunua kipima unyevu, ukitundike usawa wa vichwa vya kuku, si karibu na mlango. Asubuhi kikisoma zaidi ya asilimia 70 mara kwa mara, au kioo cha dirisha kikiwa na ukungu kwa ndani, panua mwanya wa juu kwa sentimita mbili nyingine, hata kama mkono wako unakwambia kuna baridi ya kutosha humo.

Jogoo wako mkubwa usimkate zile ncha nyeusi wala kuzivuta kama bado zipo. Nyama iliyokufa huilinda ile hai iliyo chini yake, na itaanguka yenyewe ikiwa tayari, kilemba kikibaki kifupi kuliko zamani lakini kisicho na maumivu. Ikitokea tena ukaona rangi ya kijivu, usisugue na usimweke karibu na moto. Mpeleke mahali pasipoganda, kidonda kipate joto taratibu, umpe maji, na umkague kila siku kama kuna usaha au harufu, kwani hapo ndipo daktari wa mifugo anapohitajika. Mtetea anayechechemea, mtazame nyayo wiki hii. Ikiwa kidole kimekauka na kuwa cheusi bila uvimbe juu yake, atazoea kutembea bila hicho, na ule ubao bapa utamfaa kuliko wenzake wote.